Neno la Mhariri: Wapangaji kwa Hiari ya Nani?

Waandishi wanaoielezea Ujerumani ya leo hawakawii kuandika maneno mawili: "Wajerumani wanapenda". Wanapenda kupanga kuliko kumiliki, wanapenda kuishi peke yao, wanapenda Jumapili iliyotulia, na siku hizi, tunaambiwa, wanapenda treni kuliko gari na mboga kuliko soseji. Toleo hili linahusu mabadiliko hayo katika makazi, mapumziko na maisha ya kila siku, na takwimu hazikosekani. Ila takwimu hutuonyesha mtu alichofanya. Kama ndicho alichotaka, hilo ni swali jingine. Hoja yangu ni kwamba sehemu kubwa ya kinachoitwa upendeleo mpya wa Wajerumani ni matakwa ya zamani yanayopita pale ambapo sheria, bei na nyumba zilizopo zimeacha upenyo.

Tuanze na kupanga. Chini ya nusu ya wakazi wa Ujerumani wanaishi katika nyumba wanazozimiliki, kiwango cha chini kuliko cha nchi nyingine yoyote ya Umoja wa Ulaya. Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa, ambako neno mpangaji humfikirisha mtu aliye njiani, asiyejua kama mwakani atakuwepo, hiki ni kitendawili: nchi tajiri namna hiyo imekuwaje nchi ya wapangaji? Jibu la haraka ni tabia. Eti Mjerumani huogopa deni, na hata lugha yake hutumia mzizi mmoja kwa deni na kwa hatia. Maelezo hayo yanavutia, lakini mizizi ya maneno haijengi nyumba. Vita vya Pili vya Dunia viliteketeza mamilioni ya makazi, na huko magharibi sheria ya ujenzi ya 1950 ikaelekeza fedha za umma kwenye fleti za kupangisha zenye kodi nafuu, ambazo hata watu wa kipato cha kati hawakuona haya kuishi ndani yake. Sheria za upangaji nazo zikamlinda aliyemo: mkataba kwa kawaida hauna tarehe ya mwisho, mwenye nyumba hawezi kuuvunja bila sababu inayotambuliwa, dhamana haizidi kodi ya miezi 3, na katika mkataba unaoendelea kodi haiwezi kupandishwa kwa zaidi ya asilimia 20 ndani ya miaka 3, au asilimia 15 pale nyumba zilipoadimika. Anayenunua, kwa upande wake, hutozwa ushuru wa kati ya asilimia 3.5 na 6.5 ya bei, pamoja na malipo ya mthibitishaji na mara nyingi ya dalali, na riba ya mkopo wa nyumba anayoishi mwenyewe haimpunguzii kodi ya mapato. Kwa hesabu hiyo, anayepanga amepiga mahesabu yake vizuri tu. Ndiyo maana mpangaji wa Kijerumani mara nyingi huingia kwenye fleti isiyo na jiko wala makabati, akafunga ya kwake, na akihama akayafungua na kuondoka nayo. Anaishi kama mwenye mali, isipokuwa hati hana. Na bado tafiti za maoni zimekuwa zikirudia kwa miaka mingi kwamba wengi wao, wakiulizwa wangependa kuishi wapi, hutaja nyumba yao wenyewe yenye bustani.

Takwimu zinazopotosha zaidi ni za nafasi. Mwaka 1991 kila mkazi alikuwa na wastani wa meta za mraba 35 hivi za kuishi. Leo wastani umepita 47. Kaya zenye mtu mmoja ni karibu milioni 17, yaani takriban kaya 4 katika kila 10. Ukiziweka takwimu hizo pamoja, ni rahisi kuona taifa la watu wanaotaka upana na upweke. Lakini ni nani anayeishi kwenye upana huo? Miongoni mwao wazee ni wengi. Mume na mke walipanga fleti ya vyumba 4 miaka ya 1980, watoto wakakua wakaondoka, mmoja wao akafariki, mwenzake akabaki. Chumba cha watoto hakifunguliwi ila wakati wa kufuta vumbi. Angehamia vyumba 2, lakini fleti hiyo ndogo, kwa mkataba wa leo, inaweza kumgharimu zaidi ya anacholipa sasa kwa vyumba 4. Ghorofa moja chini yake familia yenye watoto wawili imebanana, nayo haihami kwa sababu ileile. Mtakwimu ataandika kwamba mjane anatumia nafasi kubwa na kwamba familia changa zinaishi kwa kubanana mjini, na msomaji atadhani wamechagua. Hapa lazima nikiri kwamba sheria niliyoisifu hapo juu ina lawama yake: inamlinda aliye ndani, na aliye nje inamwacha mlangoni. Waliobaki mlangoni hawajanyamaza. Berlin ilipogandisha kodi za nyumba kwa sheria mwaka 2020, Mahakama ya Katiba iliifuta sheria hiyo Aprili 2021. Septemba mwaka uleule, katika kura ya maoni jijini humo, karibu wapiga kura 6 katika kila 10 walitaka fleti za makampuni makubwa zichukuliwe na umma. Kura hiyo haikupigwa na watu wanaofurahia kupanga kwa sababu tu ni Wajerumani.

Mtu atauliza: je, ladha haibadiliki kabisa? Inabadilika, na mfano bora ni Berlin hiyohiyo. Katika Ujerumani Mashariki ya miaka ya 1970, aliyepewa fleti kwenye ghorofa mpya za zege alijiona amebahatika, kwa maana alipata maji ya moto, bafu lake na joto lisilohitaji makaa ya mawe. Majengo ya karne ya 19 ya mtaa wa Prenzlauer Berg, yenye choo kwenye ngazi na jiko la makaa chumbani, yaliachwa yachakae. Baada ya muungano wa 1990 majengo hayohayo yalikarabatiwa, yakawa makazi ya wenye kipato, huku katika miji mingi ya mashariki ghorofa za zege zikihamwa na nyingine kubomolewa. Wapo wanaosema watu waligundua uzuri wa dari ndefu. Huenda. Ila kwanza mabomba yalipita ukutani, na fedha na unafuu wa kodi za serikali vikalipia ukarabati.

Katika mapumziko mambo ni hayohayo. Bustani ndogo za pembezoni mwa miji, zinazoitwa kwa jina la daktari Moritz Schreber wa Leipzig, ni takriban 900,000. Kwa muda mrefu zilikuwa kichekesho, alama ya mzee mkali anayepima urefu wa ua wa jirani. Leo vijana wenye watoto husubiri zamu kwa miaka katika miji mikubwa, ingawa sheria ya 1983 hairuhusu banda kuzidi meta za mraba 24 wala mtu kuhamia humo. Ni bustani ya ile nyumba ya ndoto, isipokuwa nyumba yenyewe haipo. Jumapili tulivu nayo inalindwa na katiba tangu enzi ya Jamhuri ya Weimar, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na maduka yaliyofungwa siku hiyo hayasemi mteja angefanya nini yangekuwa wazi. Kuhusu treni, Juni hadi Agosti 2022 serikali iliuza tiketi ya mwezi kwa euro 9, zikanunuliwa takriban milioni 52. Hakuna tabia ya taifa inayogeuka kwa wiki moja. Bei ndiyo iliyogeuka, na hata hivyo sehemu ya safari hizo ilikuwa ya nyongeza tu. Magari, zaidi ya milioni 48, hayakupungua.

Pingamizi zito ni la chakula. Nyama ilishuka kutoka zaidi ya kilo 60 kwa mtu kwa mwaka hadi karibu 52, na bia imekuwa ikipungua kwa miongo kadhaa, bila sheria kukataza wala duka kufungwa. Hapo nakubali: afya, umri na dhamiri vimefanya kazi yao. Lakini tazama tofauti. Sahani hubadilishwa jioni moja, na anayekosea hurudi kwenye soseji kesho. Nyumba haibadilishwi hivyo, na ndiyo sababu ni kosa kusoma makazi kwa macho tunayosomea sahani.

Serikali iliyoingia madarakani 2021 iliahidi nyumba mpya 400,000 kila mwaka. Mwaka 2024 zilikamilika takriban 252,000. Mjane wetu bado yuko kwenye vyumba vyake 4.