Kliniki mbili, nauli mbili

“Tarehe ya CTC siikosi hata mvua inyeshe,” mama mmoja wa Kifanya aliniambia huku akimenya viazi. “Ya presha naenda nauli ikipatikana.”

Ana VVU na ana presha. Kila ugonjwa una siku yake na foleni yake, na nauli ya kwenda mjini Njombe hailipwi mara moja. Basi anaacha ile isiyouma. Presha haiumi, mpaka siku inapoleta kiharusi.

Wengi wana mzigo huu. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulionyesha Njombe inaongoza nchini: takriban watu 13 kati ya kila 100 wenye miaka 15 na zaidi wana VVU. ARV zinawafikisha uzeeni, na huko ndiko presha na kisukari hushika zaidi.

Je, magonjwa haya yakitibiwa pamoja, huduma ya VVU itazorota? Taasisi yetu ya utafiti wa magonjwa, NIMR, na wenzao wa Uganda na Uingereza walilipima swali hilo katika utafiti wa INTE-AFRICA. Vituo 32 vya Tanzania na Uganda viligawanywa kwa kura. Vingine viliendelea na kliniki tofauti, vingine vikaweka foleni moja, wahudumu walewale na dirisha moja la dawa. Wagonjwa zaidi ya 7,000 walifuatiliwa kwa miezi 12.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2023 katika jarida la The Lancet. Pande zote mbili, zaidi ya 96 kati ya kila wagonjwa 100 wa VVU waliopimwa virusi vyao vilikuwa vimefubaa. Wenye presha na kisukari, karibu 9 kati ya 10 walibaki kwenye matibabu. Kuunganisha hakukuharibu kitu. Tena kwenye foleni moja, jirani hajui umefuata dawa gani.

Kama kituo chako bado kinatenganisha kliniki, mwombe mhudumu akupangie tarehe zote siku moja. Mwonyeshe dawa zote unazotumia, kwa kuwa nyingine hazipatani. Usiache dawa ya presha kwa sababu unajisikia vizuri; huenda ni yenyewe inayokufanya ujisikie hivyo. Nanyi watoto, mkituma hela ya mbolea, kumbukeni na nauli ya kliniki.

Nilimuuliza mama kama amewahi kuomba tarehe zake ziunganishwe. Akaacha kumenya.

“Kumbe inaombwa?”

Inaombwa, mama.