Mzigo wa Mtahiniwa Tuupunguze Sisi

Kila ufikapo mwezi wa Mei, vijana wetu wa kidato cha sita, Unguja na Pemba, huingia katika vyumba vya mitihani. Kwa wengi wao huo ni mtihani wa kumaliza skuli. Lakini kwa wale wanaosoma Fizikia, Kemia na Biolojia, na ambao nia yao ni udaktari, mtihani huo una kazi mbili kwa wakati mmoja. Ndio wa kuagana na skuli, na ndio wa kubisha hodi katika chuo cha udaktari. Kwa kawaida vyuo vyetu huchagua wanafunzi kwa matokeo hayo hayo. Aliyeteleza Mei hawezi kusema atajaribu tena mwezi ujao. Itampasa angoje mwaka mzima.

Si haja kueleza kwa urefu kwa nini jambo hili linatuhusu sote. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 katika visiwa vyetu, na hakuna aliyewahi kukaa katika benchi la hospitali akisubiri zamu yake ambaye haijui thamani ya daktari mmoja zaidi. Tangu mwaka 1964 tumekuwa tukipokea madaktari kutoka China, na tunawashukuru kwa dhati. Hata hivyo, mgeni ana siku yake ya kurejea kwao. Ndiyo maana sote tulifurahi kuona Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kilichoanza kusomesha mwaka 2001, kikifika hadi ya kufunza madaktari hapa hapa nyumbani, mbali na wale wanaovuka bahari kwenda Muhimbili na kwengineko. Mlango basi upo. Suali tunalouliza leo ni hili: nani anayemtayarisha kijana kuufikia mlango huo, na anamtayarisha kwa saa zipi?

Tuutazame mzigo wenyewe. Miaka miwili ya kidato cha tano na cha sita haitimii miaka miwili. Masomo huanza katikati ya mwaka na mtihani huja Mei, na ndani yake ziko likizo na mitihani ya majaribio. Katika muda huo mwanafunzi anatakiwa amalize mihtasari ya masomo matatu mazito, na kila moja lina nadharia na vitendo. Nje ya matatu hayo yako masomo mengine ya lazima. Yote hayo anayasoma kwa Kiingereza, lugha ambayo wengi hawaitumii nyumbani wala barazani. Kwa hiyo kabla hajaelewa jinsi moyo unavyosukuma damu, inambidi kwanza aelewe maneno yanayoieleza kazi hiyo.

Sasa tuzihesabu saa zake. Siku ina saa 24. Tumpe saa 7 za kulala, maana akili isiyolala haishiki kitu. Tumpe saa 9 za skuli, pamoja na kwenda na kurudi. Tumpe saa 3 za sala, kula, kuoga na kufua. Zimebaki saa 5. Akienda tuisheni saa 2, na akifanya kazi za nyumbani saa 2, imebaki saa moja tu. Katika saa hiyo moja ndimo anamotakiwa kukaa peke yake na kitabu, akapitia Fizikia, Kemia na Biolojia, dakika 20 kwa kila somo. Na kila mwalimu atakubaliana nasi kwamba kusikia somo darasani ni jambo moja, na kulirejea mwenyewe mpaka likakaa ni jambo jingine. Mtihani hupima lile la pili.

Hesabu hiyo ni ya kijana ambaye mambo yake si mabaya. Kwa mtoto wa kike mara nyingi haifiki hapo. Yeye akirejea skuli humkuta mdogo wake wa kubeba, ndoo ya kujaza na chungu cha kuteleka. Katika miaka hii Ramadhani imekuwa ikiangukia Februari na Machi, miezi ile ile ya kujitayarisha kwa mara ya mwisho. Sisi hatusemi kwamba mwezi mtukufu ni kizuizi. Waliotutangulia walisoma na kufaulu wakiwa wamefunga. Tunasema kwamba katika nyumba nyingi ni binti huyo huyo mwenye mtihani anayeingia jikoni tangu alasiri kutayarisha futari, na ndiye anayeamshwa usiku kutayarisha daku, huku kaka yake akiachiwa meza na taa. Hapo funga haina lawama. Lawama ni ya mgawanyo wetu wa kazi.

Jambo la tuisheni nalo lina uzito wake. Kijana wa mjini mwenye wazee wenye uwezo hutoka skuli akaingia kwa mwalimu wa Kemia, na Ijumaa na Jumapili akaenda kwa mwalimu wa Fizikia. Kijana wa Micheweni au wa Makunduchi, ambaye baba yake ni mvuvi au mkulima, hana mlango huo, na hata angekuwa na fedha, mwalimu mwenyewe hayuko karibu. Mwaka 1964, tarehe 23 Septemba, ilitangazwa katika visiwa hivi kwamba elimu itatolewa bila ya malipo. Ikiwa sehemu ya mwisho ya matayarisho, ile inayoamua nani awe daktari na nani asiwe, inanunuliwa kwa fedha baada ya saa za skuli, basi hapana budi tujiulize ni kiasi gani cha tangazo lile kimebaki.

Wenzetu wa nchi nyengine nao wana mzigo wa namna hii, na inafaa kuutazama kwa ajili ya kulinganisha. Huko Marekani, anayetaka udaktari husoma kwanza chuo kwa kawaida miaka 4, na kabla ya kuomba nafasi hufanya mtihani maalumu uitwao MCAT, ambao pamoja na mapumziko yake huchukua takriban saa 7 na nusu. Yeye pia hulalamika kwamba masomo ya chuo na matayarisho ya mtihani yanamvuta huku na huku. Lakini anazo nafuu mbili. Mtihani wake hufanywa katika tarehe nyingi, kuanzia Januari hadi Septemba, naye huchagua siku yake. Na katika muhula anaojitayarisha anaweza kuchukua masomo machache zaidi chuoni, au kungoja mpaka amalize chuo ndipo ajitayarishe.

Mtahiniwa wetu hana hata moja katika hizo. Siku haichagui, na somo hawezi kulipunguza. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, na walisema kweli. Lakini methali hiyo humlaumu aliyeshika mbili kwa hiari yake. Huyu wetu amepewa zote mbili mkononi na ameambiwa asiache hata moja. Basi nasaha ya kumwambia kila siku "jitahidi, jipangie wakati wako" haitoshi. Yeye hana uwezo wa kuupunguza mzigo. Wenye uwezo huo ni sisi tuliomzunguka, yaani skuli, wazee na Serikali.

Wako na wengine ambao hatupaswi kuwasahau, nao ni wanafunzi wa stashahada ya utabibu. Stashahada nzuri humfungulia kijana njia ya kwenda kusomea udaktari, lakini hutazamwa pia matokeo yake ya kidato cha nne. Aliyepungukiwa na Fizikia au Hisabati miaka ile hulazimika kurudi kuufanya mtihani huo mwezi wa Novemba akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Kwa hiyo asubuhi yuko wodini na mwalimu wake, usiku yuko na kitabu cha kidato cha nne, na huenda katikati yake akawa na zamu. Hawa ni watu ambao tayari wameshamshika mgonjwa mkono, na wameshajua kwamba kazi hii wanaiweza. Kumpoteza mmoja wao kwa kukosa ruhusa ya siku chache au mwalimu wa kumfafanulia Hisabati ni hasara ya wazi.

Wapo watakaotujibu kwamba madaktari wa zamani walisoma kwa kibatari, wakaenda skuli kwa miguu, na hawakuomba nafuu yoyote. Tunawaheshimu madaktari hao. Lakini hao ndio waliofika, na kwa sababu walifika ndiyo maana tunawajua. Wenzao waliokuwa na akili sawa nao, wakaangushwa na umbali, na njaa na kazi za nyumbani, hakuna aliyewahesabu. Taifa haliwezi kupanga idadi ya madaktari wake kwa kutegemea wachache wenye moyo wa chuma. Wengine watasema kwamba tukimwondolea kijana shida tutamlegeza, na udaktari ni kazi ngumu. Sisi tunasema ugumu wa Kemia unatosha; haihitaji kuongezewa ndoo za maji.

Kwa hiyo basi, tunatoa rai zifuatazo kwa wahusika. Kwanza, skuli zenye kidato cha sita zijiwekee lengo la kumaliza mihtasari mwishoni mwa Januari, ili Februari, Machi na Aprili iwe miezi ya marudio, na siyo ya kukimbizana na mada mpya. Pili, maabara zifunguliwe alasiri, ziwe na msimamizi wake na kemikali zake, tangu kidato cha tano. Mwanafunzi anayeishika bureti mara chache tu kabla ya Mei hupoteza alama kwa mkono kutetemeka, wala si kwa ujinga. Tatu, masomo ya ziada yafanywe ndani ya skuli bila ya malipo kwa mwanafunzi, na Wizara itafute fungu la kuwalipa walimu watakaobaki, ikianza na skuli za mashamba na za Pemba. Nne, pawepo na dakhalia, japo ya muda, kwa miezi mitatu ya mwisho, hasa kwa watoto wa kike na wale wanaotoka mbali. Tano, sherehe, mapokezi na shughuli nyengine za nje ya masomo ziwapite watahiniwa kuanzia Januari. Sita, vyuo na hospitali viwapangie zamu nyepesi wanafunzi wa utabibu wanaorudia mitihani ya Novemba. Hakuna katika hayo linalohitaji jengo kubwa wala mkutano wa kimataifa. Mengi yanahitaji ratiba na usimamizi.

Kwa wazee tuna ombi moja tu. Kuanzia Februari hadi mwisho wa Aprili, mwacheni mtahiniwa saa 2 kwa siku. Kazi yake wagawieni wengine, na kaka zake wakiwemo. Miezi hiyo mitatu ina siku 89, na saa 2 kwa kila siku ni saa 178 za kusoma. Hakuna mwalimu wa tuisheni anayeweza kumuuzia mwanawenu saa hizo.

Kwa watahiniwa wenyewe tunasema, saa hizo mkishapewa zina deni. Zisiishie katika simu wala vijiweni. Anzeni na lile somo mnalolikimbia, jaribuni maswali ya miaka iliyopita kwa kufuata saa, na laleni usingizi wa kutosha, maana kukesha wiki ya mwisho hakufidii miezi iliyopotea.

Zanzibar inao vijana wenye akili na hamu ya kuwatibu watu wake. Tusikae mbali tukawatazama wakielemewa, kisha matokeo yakitoka tukauliza kwa nini wamefika wachache. Mtihani ni wao kuufanya. Muda wa kujitayarisha ni sisi wa kuwapa, na ni lazima tuutoe kabla ya Mei.