Deni la Shujaa kwa Mtoto wa Mtaani

Katika hadithi zetu za upelelezi na za ushujaa yumo mhusika mmoja mdogo ambaye kazi yake ni kuona, kukimbia na kutoweka. Aghalabu hana jina. Huitwa "kitoto kimoja", au "kijana mmoja muuza karanga", basi. Shujaa amefika stendi, amechoka, adui amekwisha kumponyoka. Hapo ndipo kitoto hicho hujitokeza kutoka pembeni mwa kibanda, kikanyosha kidole: gari lile limepita hapa, limeshika njia ya kule. Shujaa hutia mkono mfukoni, akatoa sarafu, akakirushia, akaondoka kwa kishindo. Hadithi humfuata shujaa. Mtoto hubaki pale pale kibandani, na kwa kadiri mwandishi anavyohusika, angali yupo pale hata leo.

Kwa miaka mingi kazi yangu serikalini imenipa fursa ya kusoma tungo za wanafunzi wa sekondari za Mbeya na Iringa, zile ziletwazo kwa ajili ya mashindano, na kitoto hiki nimekutana nacho humo mara nyingi kuliko nilivyokutana na mama, au na mwalimu, au na mvua. Sina budi kusema wazi kwamba jinsi kinavyotumiwa hunichukiza. Mwanafunzi aandikaye hadithi hiyo hupita Mwanjelwa akienda shuleni, au hupita Miyomboni, na watoto wenyewe anawaona kwa macho yake: makoti ya mitumba yafikayo magotini, viroba mabegani, miguu mitupu katika baridi ya Juni na Julai ambayo sisi wa Nyanda za Juu Kusini hatuhitaji kusimuliwa. Wengine anawajua hata kwa majina yao ya utani. Akishika kalamu, huwafuta wote, akabakiza kidole kimoja cha kuelekeza njia.

Dai langu ni hili: mwandishi amtumiaye mtoto wa mtaani kumsaidia shujaa wake amekopa, na deni hilo hulipwa ndani ya hadithi yenyewe. Asipolipa, amefanya kile kile akifanyacho mtu mzima ambebeshaye mtoto gunia la viazi kutoka sokoni hadi stendi, kisha akapanda basi asimlipe.

Kitoto hiki kina ukoo wake, nao yafaa ujulikane. Mwaka 1887 Mwingereza Arthur Conan Doyle alitoa riwaya ya kwanza ya mpelelezi Sherlock Holmes, na humo akatia kundi la watoto sita wachafu wa mitaa ya London, wakiongozwa na mmoja aitwaye Wiggins. Holmes huwatuma kwenda kila mahali na kusikiliza kila jambo, kwa kuwa hapana mtu mzima amjaliye mtoto wa mtaani kiasi cha kumnyamazia. Hapo Doyle aliona sawasawa, wala siwezi kumnyima sifa hiyo. Lakini tazameni wanavyopokewa. Wakiisha kupanda ngazi na kuingia chumbani, Holmes huwapa shilingi moja moja, akaamuru kwamba siku za usoni apande Wiggins peke yake, na wengine wangoje barabarani. Katika riwaya ya pili, ya mwaka 1890, huwaajiri tena kuitafuta mashua katika mto Thames: shilingi moja kwa siku, na gini moja kwa atakayeiona. Hawakuiona; Holmes akaipata mwenyewe. Mwaka 1893 mmoja wao akaonekana tena katika hadithi fupi, amewekwa kulinda mtu asitoroke. Doyle akaendelea kuandika habari za Holmes hadi mwaka 1927. Watoto wale hakuwarudia.

Sasa mlinganisheni Holmes na mzee Fagin wa Charles Dickens, katika riwaya ya Oliver Twist iliyotoka kitabu kizima mwaka 1838. Fagin ni mwizi na mlezi wa wezi. Huwafundisha watoto kuchomoa leso mifukoni mwa watu, akawatuma barabarani. Mwisho wa kazi hiyo ni kifungo au kitanzi, na Dickens hatufichi. Walakini siku Oliver alipofika kwake, hana chakula hana makazi, mzee yule alikuwa akikaanga soseji, naye akampa akala. Kisha akamlaza juu ya magunia. Basi mwizi wa Dickens huwapa watoto chakula na mahali pa kulala, na mpelelezi wa Doyle huwapa shilingi na kuwakataza ngazi. Wote wawili wanatumia kitu kimoja, yaani macho na miguu ya mtoto asiye na mtu. Mwandishi asiyeweza kutuonyesha tofauti baina ya matumizi ya yule na ya huyu, ushujaa wa shujaa wake ni wa nguo tu.

Sisi tulimpokea Holmes mapema. Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyeshinda mashindano ya uandishi ya mwaka 1957/58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, alimwumba Bwana Msa kwa kiko chake na akili zake nyingi, na kando yake akamweka Najum kama vile Watson alivyowekwa kando ya Holmes. Ni kazi ya fundi, na lugha yake ni chakula cha roho. Baadaye wakaja kina Elvis Musiba na Ben Mtobwa, na wasomaji wakawa wengi kuliko vitabu. Nakala moja ilipita mikono hamsini hata jalada likaanguka. Vijana wetu wamejifunzia humo namna ya kuiendesha hadithi mbio. Sina ugomvi na mbio. Ugomvi wangu ni na wale wanaokanyagwa njiani.

Nasikia jibu ambalo baadhi ya walimu hunipa: kwamba yafaa tushukuru, kwa sababu zamani mtoto huyu aliandikwa kama mwizi na mvuta gundi, na sasa anaandikwa kama msaidizi. Kweli, hiyo ni hatua. Ni afadhali kuitwa mwenye macho makali kuliko kuitwa mwenye mkono mrefu. Lakini sifa hiyo ni ile ile tumpayo mbwa wa mwindaji. Wengine husema kwamba hadithi ni burudani, na kwamba mwandishi hawezi kumfuata kila mhusika hadi kitandani kwake. Hawezi, nami simdai hayo kwa habari ya dereva wa teksi wala mhudumu wa hoteli. Hao wana kwao, na msomaji anajua hivyo bila kuambiwa. Mtoto huyu amechaguliwa na mwandishi kwa sababu hiyo hiyo kwamba hana kwao: yupo nje usiku wa manane, huona yasiyoonwa na wenye nyumba. Mwandishi ameichuma faida ya ukiwa wake. Haijuzu tena aseme kwamba ukiwa huo haumhusu.

Wala mtu asidhani kwamba kundi la wavulana wanaolala nje ya nyumba za baba zao ni jambo geni kabisa katika nchi hii ya kusini. Huko Rungwe, Wanyakyusa walikuwa na vijiji vya rika, ambavyo Monica Wilson, mwanazuoni aliyekaa kwao katika miaka ya 1930, alivieleza katika kitabu chake Good Company cha mwaka 1951. Mvulana alipofikia umri wa miaka 10 au 11 aliacha kulala kwa baba yake, akaenda pamoja na wenzake kujenga vibanda kando ya kijiji cha wazee. Huko walilala, walishindana kwa maneno, walifunzana adabu ya kuishi na watu. Lakini mchana walilima mashamba ya baba zao, na chakula walikula kwa mama zao. Tena hawakwenda mmoja mmoja, ila kundi zima lilikula leo kwa mama wa huyu na kesho kwa mama wa yule. Mzazi aliyemtuma kijana wa kundi lile alijua chungu gani kingemlisha jioni. Kundi la Mwanjelwa lina rika, lina kiongozi, lina lugha yake na sheria zake za kugawana. Lililokosekana ni chungu. Hilo ndilo jambo la kuandikiwa hadithi, na wanafunzi wa Tukuyu wanao babu wa kuwauliza.

Chungu kilivunjikaje? Mwanafunzi asiyeyajua haya atamwandika mtoto kana kwamba ameota kando ya barabara kama gugu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2007/08 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Iringa, ambao wakati ule ulikuwa pamoja na Njombe, watu wazima 15.7 katika kila 100 walikuwa na virusi vya UKIMWI, ilhali kwa taifa zima walikuwa 5.7. Nyuma ya tarakimu hizo zilikuwako nyumba zilizobakiwa na bibi na wajukuu. Na barabara kuu iendayo Zambia, pamoja na reli ya TAZARA iliyokamilika mwaka 1975, ziliifanya Mbeya kuwa mahali ambapo mtoto aweza kushuka katika gari asubuhi asijulikane na mtu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaja mtoto huyu kuwa mwenye haki ya chakula, malazi, mavazi na elimu. Sheria imemwona. Hadithi haijamwona.

Iringa inayo habari ya kweli ya shujaa na msaidizi mdogo, nami nashangaa kwamba haisomwi kwa upande wa yule mdogo. Baada ya ngome ya Kalenga kuanguka tarehe 30 Oktoba 1894, Mkwawa alikaa porini karibu miaka minne, na Wajerumani wakatangaza rupia 5,000 kwa kichwa chake. Wafuasi wake wakapungua mmoja mmoja. Mnamo Julai 1898 doria ya Merkl ilimkamata kijana mmoja aliyekuwa pamoja na Mkwawa na aliyekuwa amemtoroka kwa kuhofia maisha yake. Kijana akasema bwana wake yuko wapi, na kwamba ni mgonjwa. Tarehe 19 Julai Merkl akafika Mlambalasi, akamkuta Mkwawa amekwisha kujiua kwa risasi. Fuvu la Mkwawa liliandikiwa kifungu katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, likarudishwa Kalenga mwaka 1954, na kila mwanafunzi wa Iringa amelitazama au amesimuliwa.

Simtaji Mkwawa ili kumpunguzia heshima. Heshima yake imekwisha kuthibiti. Namtaja kwa ajili ya kijana. Wepesi wa kumwita msaliti ninaujua, nimeusikia mara nyingi. Lakini huyu alikuwa mtoto halisi, si kidole cha hadithi: alikuwa na tumbo, alikuwa na hofu, alijua kwamba shujaa wake anakufa na kwamba yeye hakuulizwa kama anataka kufa pamoja naye. Mtoto asiyeweza kusaliti hawezi pia kuwa mwaminifu, maana uaminifu ni kuchagua. Vitoto vya hadithi zetu havisaliti kamwe, kwa sababu havikupewa nafasi ya kuchagua lolote. Adui hawapi sarafu kubwa zaidi ya ile ya shujaa? Polisi wa zamu hawamkamati hata siku moja na kumwuliza? Andikeni usiku huo, ninyi vijana, mtaona hadithi inavyopata uzito.

Mifano ipo kwa atakaye. Victor Hugo, katika Les Misérables ya mwaka 1862, alimpa mtoto wa mitaa ya Paris jina, Gavroche. Akampa makazi ndani ya sanamu kubwa ya tembo, akampa wadogo wa kuwalisha, na alipouawa akiokotea risasi watu wa kizuizi, akampa kifo kisichoweza kurukwa na msomaji. Karibu nasi, Meja Mwangi wa Kenya katika Kill Me Quick ya mwaka 1973 aliwaweka katika vichochoro vya Nairobi vijana wawili waliokwisha kupata vyeti vya sekondari. Mwanafunzi wa kidato cha nne asome hiyo, aone kwamba baina yake na jalala hapana mto wa kuvuka. Na Emmanuel Mbogo, katika Watoto wa Mama N'tilie ya mwaka 2002, aliwachukua watoto wa muuza chakula wa Dar es Salaam, waliotolewa shuleni na umaskini, akakataa kuwafanya wasaidizi wa mtu yeyote. Kitabu hiki kimesomwa sana mashuleni. Wengi wamekikariri kwa ajili ya mtihani, wakaorodhesha dhamira zake, kisha wakaenda kuandika kitoto kimoja muuza karanga.

Kwa hiyo, ndugu mwalimu, ukiletewa hadithi ya namna ile, usianze na vituo na herufi kubwa. Mwulize mwandishi maswali manne: mtoto huyu anaitwa nani, alilipwa nini, alikula nini, na shujaa alipokwisha kulala katika hoteli yake yeye alilala wapi. Mimi nimekwisha kuanza kupunguza alama kwa kila swali lisilojibiwa, na mwaka huu tungo mbili zilizokuwa na lugha safi kabisa zimekosa zawadi. Mwanafunzi mmoja aliyekosa ameniandikia barua ya kunilaumu. Barua hiyo ni nzuri kuliko hadithi yake, kwa kuwa ndani yake amemtaja mtoto kwa jina.