Friji haijafika, deni linadaiwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kero ya mikopo hii ya chukua sasa, ulipe baadaye.

Dada yangu anauza maji na juisi Kongowea, hapa Mombasa. Kabla ya Ramadhani aliagiza friji kwenye duka la mtandaoni. Kampuni ya mkopo ikamlipa muuzaji, na dada yangu akabaki kuilipa kampuni hiyo kila mwezi kwa M-Pesa. Friji haikufika. Mfungo ukaisha, Idi ikapita. Akipiga simu dukani, anaambiwa aongee na waliomkopesha. Akiwauliza hao, anarudishwa dukani. Kisichochelewa ni ujumbe wa kumkumbusha siku ya kulipa, pamoja na tishio la kupelekwa CRB, shirika la kumbukumbu za mikopo. Yaani mtu aandikwe mdaiwa sugu kwa friji ambayo hajawahi hata kuigusa!

Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inamruhusu mnunuzi kuvunja mkataba bidhaa isipofika ndani ya siku 30 baada ya tarehe waliyokubaliana. Sawa. Lakini ahadi ya kuleta friji ni ya duka, na deni liko kwa mwingine. Nani atamwambia mkopeshaji asimamishe madai?

Naziomba Benki Kuu ya Kenya na Mamlaka ya Ushindani zitujibu hapa gazetini: malipo yasimame lini, na awamu zilizokwisha kulipwa zirudishwe na nani? Nawe msomaji uliyewahi kurudishiwa pesa za namna hii, tafadhali tuandikie ulianzia ofisi gani.

Msomaji wako,
Mombasa