Bruda wa Iten na Makocha Wetu wa Msimu Mmoja

Siku hizi kocha akipoteza mechi tatu mfululizo tunamtaka afungashe virago. Kisha sisi hao hao hulalamika kwamba vijana wetu hawakomai. Atawakomaza nani, ikiwa kila mwaka twawaletea kocha mgeni?

Mwaka 1976 Bruda Colm O'Connell alitoka Ireland kuja kufundisha jiografia katika shule ya St. Patrick's, Iten, nchini Kenya. Riadha hakuijua. Alijifunza kwa kuwatazama wanafunzi wake wakikimbia, na hapo ndipo wengi wetu tunaposhindwa, maana kocha wetu akishapata cheti cha wiki mbili hana tena la kuuliza. Miaka 12 baadaye Peter Rono, aliyesoma shuleni hapo, alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 1500 mjini Seoul. Bruda angaliweza kurudi kwao na sifa zake. Alibaki. Hata alipostaafu kazi ya darasani aliendelea kuwakusanya vijana kambini wakati wa likizo, wavulana kwa wasichana. David Rudisha alimfikia akingali mwanafunzi. Mwaka 2012, mjini London, akakimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia. Hesabuni wenyewe: tangu Bruda afike Iten, miaka 36!

Mtasema ni mwinuko. Iten iko juu karibu mita 2,400, na mbio hazikuanza na Bruda. Mkenya Kipchoge Keino alishinda kwenye Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Kweli, wala sibishi. Lakini mlima haumwiti mtoto kwa jina, wala haumwambii, "Leo pumzika, mguu haujapona." Hayo huyajua mtu aliyekaa naye.

Basi, enyi wakuu wa shule, yule mwalimu anayebaki kiwanjani wenzake wakishakwenda zao, msimrundikie vipindi vya alasiri. Msimwache alipe nauli ya timu kutoka mfukoni mwake, halafu siku ya kombe mkakimbilia kupigwa picha. (Nimeyaona haya, tena si mara moja.) Akishindwa mwaka huu, mpeni wa pili, na wa tano. Muhula unakaribia, na ratiba bado hazijabandikwa ukutani.