Bwejuu kuna mlima gani?

Wadau, leo niliseme wazi wazi maana tumelinyamazia mno. Kila bamvua kubwa la kusi likipita hapa Bwejuu, kuna mwenye hoteli anayeamka na wazo lile lile: nguzo! Zamani zilikuwa boriti za mikoko na viroba vya mchanga. Siku hizi tunasikia habari za mashine ya kuchimba, nondo na zege, eti kama wanavyofanya milimani.

Haya, milimani wanafanyaje? Udongo ulioshiba mvua huteleza juu ya tabaka gumu lililo chini yake. Unachimba shimo livuke udongo huo unaoteleza, liingie kwenye mwamba, unashusha nondo, unamwaga zege. Kile kipande kilichozama mwambani ndicho kinachoshika mteremko. Na hata huko lazima maji ya ndani ya mlima yapewe njia ya kutokea. Tena nguzo hizo si dawa ya tope la kasi kama lile lililoshuka Mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023.

Sasa nambieni, mchanga wetu unateleza? Hautelezi, unachukuliwa! Wimbi likigonga ukuta linarudi na nguvu zake, linakomba mchanga wa mbele, na pale ukuta unapoishia linakula kwa jirani. Nguzo itabaki imesimama imara kweli kweli, lakini pwani haipo. Mnazi wa jirani mizizi nje. Mama wa mwani, maji yakijaa, hana pa kupita na mzigo wake ila kwa kumwomba mlinzi wa hoteli. Pwani ya nani hiyo jamani?

Wala si habari mpya. Kunduchi, kule Dar es Salaam, bahari iliila Hoteli ya Africana mpaka ikaachwa. Wengine wakajenga matuta ya mawe kuingia baharini, kila mtu na lake... mchanga ukanasa kwa huyu, ukakosekana kwa yule.

Kanuni ya kuacha mita 30 kutoka maji makuu tunayo. Nani kaja kuipima hapa kwetu? Anayetaka kuleta mashine yake alete kwanza tathmini ya mazingira kwa sheha, isomwe mbele ya wanakijiji, kwa Kiswahili, na aandike atamlipa nini jirani ufukwe wake ukiondoka. Hataki? Mashine irudi ilikotoka.