Mrudishie Msomaji Mahali Pake!

Wadau, leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni na wenzangu tunaotengeneza tovuti. Swali ni hili: kwa nini msomaji akibonyeza kitufe cha kurudi nyuma mnamtupa juu kabisa ya ukurasa, kana kwamba hajasoma chochote?

Chukua Katiba ya Kenya ya 2010. Ina sura 18 na vifungu 264. Mtu yuko hapa Kakamega, simu mkononi, amefika kifungu cha 21. Kifungu hicho kinataja haki za kifungu cha 43: afya, makao, chakula, maji, elimu. Anabonyeza kiungo, anasoma maelezo, anarudi. Kama ukurasa ulitengenezwa ovyo, anajikuta kwenye Dibaji! Aanze tena kusogeza kwa kidole, na ukurasa ukipakuliwa upya, bando nalo linaliwa. Mara ya tatu anaacha kusoma. Halafu tunasema Wakenya hawapendi kusoma.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba kivinjari kina kumbukumbu yake. Ukikiacha, mara nyingi kitamrudisha msomaji pale pale. Waharibifu ni sisi: tunaandika history.scrollRestoration = 'manual' kwa sababu tumeuona mfano mahali, tunaita scrollTo(0, 0) kila ukurasa unapobadilika, kisha tunaenda kulala. Ukimnyang'anya dereva usukani, basi endesha wewe!

Wakongwe walikuwa na kisingizio. Netscape ilisoma pageYOffset, Internet Explorer 6 ikataka documentElement.scrollTop, na matoleo ya nyuma yake body.scrollTop. Lakini Internet Explorer ilistaafishwa 2022. Leo unasoma kwa scrollY, unarudisha kwa scrollTo. Kwa ukurasa wa kawaida, kazi yote ni hii:

var f = 'mahali:' + location.pathname;
addEventListener('pagehide', function () {
  sessionStorage.setItem(f, window.scrollY);
});
addEventListener('load', function () {
  var y = sessionStorage.getItem(f);
  if (y && !location.hash) window.scrollTo(0, Number(y));
});

Kwa nini pagehide na si unload? Kwenye simu unload mara nyingi haiitwi kabisa, na inaweza kukizuia kivinjari kuuhifadhi ukurasa mzima kwenye kumbukumbu. Na msiogope sessionStorage: inakaa kwenye simu ya msomaji mwenyewe, haitumwi kwa seva.

Kama programu yako inabadilisha kurasa bila kuzipakua upya, pagehide haitatokea. Hifadhi kabla ya kubadilisha, na urudishe baada ya maandishi kufika. Ukiita scrollTo ukurasa ungali mfupi, utaishia njiani.

Najua mtasema pikseli hudanganya. Ni kweli. Simu ikilazwa, maandishi hujipanga upya. Na picha zisizoandikiwa upana na urefu husukuma kila kitu chini zinapofika. Basi andika vipimo vya picha. Na badala ya pikseli, hifadhi kitambulisho cha kifungu kilicho juu ya skrini, kisha ukiite kwa scrollIntoView. Kifungu cha 21 kitabaki cha 21 hata simu ikigeuzwa mara kumi.

Wengine mnajitetea kwamba mmeweka kitufe cha "Rudi juu". Jamani! Nani aliomba kwenda juu?

Hata msomaji wa kitabu cha karatasi hukunja kona ya ukurasa, na hakuna mchapishaji anayekuja usiku kuikunjua. Mahali alipofika msomaji ni mali yake, amepalipia kwa muda na kwa bando.

Hebu chukua simu ya bei rahisi leo hii. Fungua tovuti uliyoitengeneza, teremka mpaka katikati, bonyeza kiungo, rudi. Ukijikuta juu, acha urembo mwingine wote. Anza na hilo.